Difu ya pikapu ya zamani: hesabu meno kabla hujatoa hela

 

Najua wengi mnasubiri mwendelezo wa somo la kitalu cha nyanya. Utakuja. Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu wa maeneo tofauti na wote wana swali moja: pikapu inalia nyuma, fundi anasema difu imekwisha, nifanyeje? Mmoja alikuwa tayari amesimama kwenye duka la spea za mtumba, hela mkononi. Nikamwambia, rudisha hela mfukoni kwanza mdogo wangu, nitaandika.

Mtu atasema bwana shamba amehamia gereji. Sawa, na aseme. Lakini nyanya iliyobaki njiani haina bei, na ninyi ninaowaandikia ni watu mnaolima kwa biashara. Wachache wenu mmenunua gari mpya. Wengi mna Hilux za miaka ya 80, nyingine zina umri kuwazidi wenye nazo, na ndizo zinazobeba mbolea kwenda na matenga kurudi. Nami ninayo. Ni Hilux ya kizazi kile kilichoanza kutengenezwa mwaka 1978, ya petroli, yenye kuvuta magurudumu yote manne. Naipenda. Mwaka 2016 iliniaibisha mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa na kikundi cha vijana saba bondeni huku kwetu Ilula, msimu wao wa kwanza wa nyanya. Mimi ndiye niliyewashawishi waache kuuza shambani kwa dalali wasubiri tupeleke wenyewe. Usafiri nikasema upo, pikapu yangu. Wiki mbili kabla ya kuvuna, difu ya nyuma ikaanza kuvuma. Fundi akafungua, akanionyesha: meno mawili ya kraun yameng'oka vipande, oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa kwa maji yaliyoingia. Akasema ipo difu nzima ya mtumba, imetoka kwenye Hilux kama hii hii, nikalipa 380,000, ikafungwa siku hiyo hiyo. Nikaijaribu lami, kimya kabisa. Tena nikaona gari imekuwa nyepesi mwendoni, injini hailii sana ikiwa kwenye themanini. Nikafurahi. Kumbe hiyo yenyewe ilikuwa dalili.

Siku ya safari ilinyesha. Tulipakia matenga 28, na tenga moja tulilolipima lilikuwa na kilo 42, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kwa pikapu ya tani moja. Njia ya bondeni ilikuwa tope, nikaingiza gia ya magurudumu manne. Tukatoka kwenye tope vizuri tu, tukapanda kwenye changarawe ngumu, na hapo usukani ukaanza kuwa mzito. Nikataka kutoa ile gia ya mbele, mkono wa transfa ukagoma. Nikasema itatoka mbele ya safari. Mita mia mbili baadaye ukasikika mlio kama bunduki chini ya miguu yangu. Jointi ya propela ya mbele ilikatika, propela ikachapa chini mpaka ikapasua paipu ya breki.

Tulilala pale. Asubuhi ya pili tulipata gari ya kukodi, ikatoza karibu nusu ya thamani ya mzigo, na nyanya zilizokuwa chini ya matenga zilikuwa zimeshaanza kutoa maji. Vijana wale hawakunitukana. Ningependa wangenitukana. Mmoja wao, binti aliyekuwa akitegemea hela ile kulipia chuo, aliniambia tu, "Basi bwana shamba, ndiyo hivyo." Msimu uliofuata wawili walirudi kwa dalali, na sikuwa na la kuwaambia.

Sasa twende kwenye somo lenyewe.

Kosa lilikuwa wapi

Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa. Ndogo ni pinioni, inapokea mzunguko kutoka propela. Kubwa ni kraun, ile kama sahani ya meno, inayozungusha hafshafti na magurudumu. Idadi ya meno ya kraun ukiigawa kwa meno ya pinioni unapata propela inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo ndiyo reshio.

Difu zangu za asili zilikuwa na meno 35 kwa 8, yaani 4.375. Ile ya mtumba ilikuwa 41 kwa 10, yaani 4.1. Zote mbili ni difu za Toyota za inchi 8, zinaingia tundu lile lile, nati zile zile. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Fundi hakudanganya aliposema imetoka kwenye Hilux kama yangu. Ila Hilux zilitoka na reshio mbalimbali.

Kwa pikapu ya kuvuta magurudumu mawili tu, tofauti hiyo isingevunja kitu. Gari ingekuwa nzito kidogo mlimani na spidomita ingesoma pungufu kidogo ya mwendo halisi, basi. Kwenye gari ya magurudumu manne ni jambo jingine. Ukiingiza gia ya mbele, transfa inazifunga propela mbili zizunguke sawasawa kabisa. Kama difu ya mbele ni 4.375 na ya nyuma ni 4.1, magurudumu ya mbele yakienda mita 100, ya nyuma yanataka kwenda karibu mita 107. Kwenye tope magurudumu yanateleza, ile tofauti inapotea bila wewe kujua. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza. Nguvu inajikusanya kwenye propela kama kamba inayosokotwa, usukani unakuwa mzito, mkono wa transfa unagoma, na mwishowe kilicho dhaifu kuliko vyote kinakatika. Kwangu ilikuwa jointi. Bahati yangu, maana ingeweza kuwa transfa yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jua reshio uliyo nayo. Huhitaji kufungua difu.

Weka gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Hili usilipuuze, kwa sababu handibreki utaiachia na breki ya mkono kwenye hizi gari inashika nyuma tu. Weka gia nyutro. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi, lingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, wewe uhesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi moja ni sawa na 10 ya kraun. Ukihesabu 41, difu yako ni 4.1. Ukipata karibu 44, ikiwa imepungua robo hivi, ni 4.375. Ukipata 43 kamili ni 4.3. Ndiyo maana nasema mara 20 na si mara 2: kwa mizunguko michache hutaona tofauti kati ya 4.3 na 4.375 na utajidanganya.

Ya mbele ni hivyo hivyo, ila sasa mawe unayahamishia magurudumu ya nyuma na handibreki unaivuta. Funga loki zote mbili za magurudumu ya mbele, na transfa iwe kwenye magurudumu mawili ili propela ya mbele iwe huru. Ukisahau kufunga loki moja, hesabu itakuwa uongo mtupu. Andika namba ya mbele na ya nyuma kwenye karatasi, iweke pamoja na kadi ya gari. Kuna watu wamenunua pikapu zikiwa tayari zimechanganywa na mwenye mwanzo, wala hawajui.

Je, kweli difu imekufa?

Usikubali kila mlio wa nyuma ni difu. Nimeona kijana ametumia mtaji wa mbolea kubadilisha difu, kumbe ilikuwa beringi ya gurudumu.

Sikiliza hivi. Mlio mwembamba unaosikika ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, huo mara nyingi ni meno ya kraun na pinioni. Ukivuma zaidi unapoachia mafuta kwenye mteremko, ongeza wasiwasi juu ya beringi za pinioni. Mngurumo mzito usiobadilika, ukanyage usikanyage, angalia beringi, na anza na za magurudumu. Ukisikia kelele kwenye kona tu, ni zile gia ndogo za katikati au beringi ya upande mmoja. Na ule mshindo wa "ko" unapoanza kuondoka unaweza kuwa meno yaliyolika, lakini shika kwanza jointi za propela uzitikise kwa mkono. Jointi ni hela ndogo.

Halafu mwaga oili. Iwe na unga laini wa kijivu kwenye sumaku, huo ni uzee wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuokota kwa vidole, fungua. Oili ikiwa nyeupe ina maji, na hapo uliza maji yameingiaje. Juu ya hausingi ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Difu ikipata moto hewa inatoka pale. Ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, maji yanavutwa kupitia sili. Yangu ilizibwa miaka, nami nilikuwa navuka mto ule mara mbili kwa wiki. Kukisafisha ni kazi ya dakika tano na kitambaa.

Kununua difu nzima au jozi ya gia?

Mimi nasema wazi: kwa mkulima aliye mbali na fundi mwenye vipimo, nunua difu nzima ya mtumba, yaani ule mtungi wote wa chuma wenye pinioni, kraun na beringi zake zikiwa tayari zimepangwa. Unatoa ya zamani, unaweka hiyo. Hakuna cha kupanga meno. Gia mpya ni nzuri zaidi zikifungwa vizuri. Zikifungwa kwa kukisia zitalia kuanzia siku ya kwanza na kufa mapema kuliko za mtumba.

Ukienda dukani nenda na mambo haya: karatasi yako ya reshio, chaki, tochi, na hafshafti yako mwenyewe mkononi. Hafshafti unaiingiza kwenye difu pale pale. Ikiingia na kukaa bila kulazimishwa, hilo limekwisha. Kisha piga chaki kwenye kraun na kwenye flanji ya pinioni, zungusha kraun mara 10 ukihesabu flanji, ile hesabu yetu ya juu. Muuzaji akikuambia "hizi zote ni moja tu, kaka", mwambie sawa, lakini endelea kuhesabu.

Baada ya hapo angalia meno yote, jino kwa jino. Unatafuta vipande vilivyong'oka, vishimo vidogo vidogo kwenye uso wa jino, kutu, na rangi ya bluu. Bluu maana yake iliwahi kuungua kwa kukosa oili. Shika flanji uivute na kuisukuma kuelekea mbele na nyuma. Ikicheza hata kidogo, beringi za pinioni zimekwisha. Kuizungusha kidogo kushoto na kulia lazima iwe na pleyi ndogo sana kabla kraun haijaanza kufuata, hiyo ni kawaida. Ikiwa unaweza kuiona pleyi hiyo ukiwa umesimama hatua mbili, achana nayo.

Jingine: difu iliyojazwa oili nzito au grisi ili isilie ukiijaribu kwenye gari ya muuzaji. Huo ni mchezo wa zamani, na wapo waliokuwa wakitia hata unga wa mbao. Ndiyo maana nataka uione ikiwa imefunguliwa na kuoshwa. Na mtu akikuambia atachomelea jino lililovunjika, mshukuru uondoke. Jino lile limekazwa kwa moto kiwandani, ukilichomelea linakuwa laini huku na kukatika kule, na kipande kitasaga mengine yote.

Kutoa na kurudisha

Kazi hii vijana wawili wenye akili na spana wanaiweza kwa siku moja. Mimi sasa naifanya mwenyewe, nikiwa na mdogo wangu wa kushika upande wa pili.

Gari isimame tambarare, magurudumu ya mbele yawekewe mawe. Legeza nati za magurudumu ya nyuma kabla ya kuinua. Inua, weka stendi imara chini ya chasisi pande zote mbili, au magogo mazito yaliyokatwa vizuri. Matofali ya kuchoma hapana. Yanapasuka bila kukuaga.

Mwaga oili. Toa magurudumu na madramu ya breki. Fungua paipu ya breki pale inapoingia kwenye silinda ya gurudumu, ziba mwisho wake ili oili ya breki isiishe yote, kisha achanisha kebo ya handibreki. Nyuma ya sahani ya breki kuna nati nne kila upande. Zikitoka, hafshafti inavutwa nje pamoja na beringi na sahani yake. Vuta kwa kunyoosha, usiiache ininginie kwenye sili. Ila kwa sili zenyewe ushauri wangu ni ununue mpya za pande zote mbili kabla hujaanza. Sili ya zamani ukishaisumbua itavuja, na oili ya difu ikifika kwenye viatu vya breki huna breki.

Propela ipige alama kwenye flanji kabla ya kufungua boliti nne, ili irudi ilivyokuwa. Ukiigeuza inaweza kuleta mtikisiko ambao utaulaumu difu mpya.

Sasa difu yenyewe. Imeshikwa na nati kumi kuizunguka. Zote zikitoka bado itakuwa imegandana na hausingi kwa gasketi ya zamani. Gonga pembeni kwa nyundo ya mbao. Na hapa nakuomba sana: usilale chini yake. Ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na inapoachia inaachia ghafla. Acha nati mbili za juu zikiwa na nyuzi tatu nne, weka jeki chini, mwenzako ashike, ndipo umalizie.

Ikishatoka usikimbilie kuweka nyingine. Hausingi yote ina unga wa chuma na vipande vya meno. Osha kwa dizeli, futa, osha tena, ingiza mkono mpaka kwenye mirija ya pembeni ukiwa na kitambaa kisichoacha nyuzi. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoua difu nzuri. Kipande kimoja kilichobaki kinarudi kati ya meno siku unayobeba mzigo. Safisha na kipumulio, kiwe kinapitisha pumzi ukikipuliza.

Safisha nyuso mbili, weka gasketi mpya au silikoni ya oili kwa mstari mwembamba, pandisha difu, kaza nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, kidogo kidogo. Rudisha hafshafti kwa utulivu mpaka meno yake yashike, usizilazimishe. Breki lazima itolewe upepo magurudumu yote mawili ya nyuma mpaka pedeli iwe ngumu. Weka oili ya difu yenyewe, ile iliyoandikwa GL-5, namba 90 au 80W-90. Gia za difu hizi hazisukumani tu, zinasuguana kwa kuteleza, na oili ya injini haiwezi kuzilinda. Jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa tambarare.

Ukiamua kuweka gia mpya

Hapo tafuta fundi, na umsimamie. Sitaki uifanye mwenyewe kwa kusoma makala, ila nataka ujue ukiona nini umwamini.

Kraun na pinioni zinanunuliwa jozi, maana zimesagwa pamoja kiwandani. Kraun ya huku na pinioni ya kule, hapana, hata kama hesabu ya meno inalingana. Beringi zibadilishwe zote kwa pamoja, na ile bomba laini iliyo kati ya beringi za pinioni iwe mpya. Bomba hiyo imetengenezwa ijikunje wakati nati ya pinioni inakazwa, na ndiyo inayoshikilia ukazo wa beringi. Fundi akipitiliza kukaza, hawezi kulegeza nati na kusema sawa. Lazima aweke bomba nyingine. Kwa hiyo anakaza kidogo, anapima uzito wa kuzungusha pinioni, anakaza tena. Ukiona amekaza kwa bomba refu mara moja akafuta mikono, mzuie.

Kraun inaingia kwenye kiti chake kwa kubana. Fundi wangu wa sasa, mzee mmoja wa Iringa mjini, anaichemsha kwenye sufuria ya maji kama viazi. Ikipata moto kama wa maji yanayochemka inatanuka na kukaa yenyewe bila nyundo. Nilidhani ni mbwembwe zake mpaka nilipokuta kitabu cha huduma kinasema hivyo hivyo.

Kabla hajafungua vifuniko vya beringi za pembeni aviwekee alama ya kushoto na kulia. Havibadilishani.

Kisha vipimo viwili. Cha kwanza ni pleyi kati ya meno, kwa geji ya saa, ile yenye mshale. Difu hii ya inchi 8 inataka milimita 0.13 hadi 0.18. Hakuna kidole cha binadamu kinachopima hicho, hata kama fundi ana miaka arobaini kazini. Pleyi inarekebishwa kwa zile nati kubwa za pembeni zinazosogeza kraun kushoto au kulia.

Cha pili ni alama ya rangi. Anapaka rangi nyepesi kwenye meno machache ya kraun, anazungusha huku kraun imezuiwa kidogo, halafu anaangalia pinioni imefuta wapi. Alama inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikikaa juu kwenye ncha na kuelekea upande mpana wa nje, pinioni iko mbali mno, inahitaji shimu nene zaidi nyuma ya kichwa chake. Ikizama chini kwenye shina la jino na kuelekea upande mwembamba wa ndani, pinioni imeingia mno, shimu ipunguzwe. Kila akibadilisha shimu anatoa beringi, anarudia kupima pleyi, anarudia rangi. Mzee wangu alirudia mara nne. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nachoka kumwangalia, nikamwuliza kama ile ya tatu isingetosha. Akanijibu, "Wewe mbegu ukipanda upande mmoja wa shimo unasema inatosha?" Nikanyamaza.

Gia mpya zinataka kulainishwa. Safari ya kwanza dakika ishirini hivi bila mzigo, kisha simama iache ipoe kabisa. Kilomita 800 za mwanzo usibebe mzigo mzito wala kuvuta trela, halafu mwaga oili yote hata kama inaonekana nzuri, weka mpya. Ukipanga hivyo, usifunge gia mpya wiki ya mavuno. Ifanye kazi hiyo wakati mazao yako bado machanga. Kwa difu ya mtumba huna haja ya kusubiri hivyo, lakini mwaga oili baada ya wiki mbili tatu uangalie sumaku inasemaje.

Na kwa gari ya magurudumu manne, kabla ya mzigo wa kwanza, peleka kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, ingiza gia ya mbele, tembea mita hamsini polepole bila kukata kona, kisha toa. Mkono ukitoka bila kugoma, reshio zako zinalingana. Jaribio hilo ningelifanya mwaka 2016 lingenichukua dakika mbili.

Pikapu yangu sasa ina 35 kwa 8 mbele na nyuma, namba nimeziandika kwa rangi nyeupe kwenye hausingi zote mbili ili atakayeirithi asihangaike. Difu ile ya 4.1 nilimuuzia jirani mwenye Hilux ya magurudumu mawili, anapeleka mahindi nayo mpaka leo, na anasema haijawahi kumsumbua.

Wiki ijayo tunarudi kitaluni, tutaanza na kantangaze kwenye miche.